Barua za babu kutoka Burma: mbona zimejaa salamu tu?

SWALI: Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki) katika Vita Kuu ya Pili. Baada ya shangazi kufariki tumekuta barua zake mbili kwenye sanduku la bati, moja ya Machi 1944 na nyingine ya Januari 1945. Bahasha zina maandishi 36 K.A.R. na S.E.A.C. Ya kwanza ina mwandiko mzuri sana, ilhali sote tunajua babu hakusoma shule. Tena imekatwa kwa mkasi: upande wa mbele umekatwa baada ya maneno "tulipanda meli", na upande wa nyuma pale alipokuwa anamwambia mama yake jambo kuhusu mguu wa mama huyo. Habari za vita hamna kabisa. Ni salamu, majina ya watu, ng'ombe na fedha. Katika ya kwanza anasema mwenzake wa kijijini yuko naye, mama yake huyo aambiwe. Katika ya pili hamtaji, na kijijini wanasema hakurudi. Babu alikuwa anaficha nini? Ninaweza kujua zaidi? (Msomaji, Songea)

JIBU: Dada yangu, asante kwa swali na kwa picha ulizoambatanisha. Nimezikuza nikazisoma mstari kwa mstari, na nianze na lile linalokusumbua zaidi: sioni kwamba babu alikuwa na siri. Aliandika barua akijua fika kwamba mama yake angekuwa mtu wa nne au wa tano kuisikia. Kabla yake ilipita kwa aliyeshika kalamu, kwa ofisa wa kikosi, pengine kwa wakaguzi wa makao makuu, na mwisho kwa mtoto wa shule, mwalimu au katekista aliyeisoma kwa sauti uani huku majirani wamekaa. Ukiitafuta humo faragha utaiona imepwaya. Ichukue kama taarifa kwa ukoo mzima, na utashangaa ilivyojaa.

Tuitazame bahasha kwanza, maana watu huitupa wakabaki na karatasi. 36 K.A.R. ni batalioni ya King's African Rifles. Namba zao zilikuwa na mpangilio ambao ukishaujua huusahau: batalioni za Tanganyika zilizopelekwa Asia ziliishia na sita, yaani 26, 36 na 46, na za Uganda kadhaa ziliishia na nne, kama 34 na 44. Kwa hiyo babu alikuwa mmoja wa Watanganyika wapatao 87,000 walioingia jeshini wakati wa vita vile, na batalioni yake ilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru. S.E.A.C. ni kamandi ya majeshi ya Washirika ya Asia ya Kusini-Mashariki, iliyoongozwa na Lord Mountbatten. Herufi hizo nne, pamoja na jina la kikosi, ziliiwezesha posta ya jeshi kumpata askari popote alipo, na hazikumwambia mtu mwingine yeyote yuko wapi. Hata mama yake hakutakiwa kujua.

Divisheni hiyo ilipelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1943, ikafanya mazoezi huko hadi katikati ya 1944. Barua ya kwanza basi iliandikwa kisiwani, kambini, kabla divisheni haijaingia Burma, Myanmar ya leo. Ya pili ni ya baada ya Burma. Kati ya hizo mbili kuna bonde la Kabaw, huko huko Burma, na nitalirudia.

Sasa mwandiko. Ule wa barua ya kwanza ni wa mtu aliyezoea kalamu: mistari imenyooka, herufi kubwa zimepambwa, tarehe imewekwa mahali pake. Huyo ni karani wa kikosi, au askari aliyepita shule ya misheni, na kila kombania ilikuwa na watu wa namna hiyo wachache mno kwa haja iliyokuwepo. Jioni walizungukwa na wenzao. Mmoja anachuchumaa mbele ya mwandishi, anataja majina ya watu wa kwao, mwandishi anayapanga katika sura ya barua aliyoijua yeye: "Salamu sana baada ya salamu, mimi sijambo namshukuru Mungu, sijui hali yenu." Ndiyo maana barua za askari wa makabila tofauti, wa wilaya zilizotengana kwa mwendo wa siku nyingi, hufanana mwanzo na mwisho kana kwamba wamenakiliana. Mwanzo na mwisho ni vya mwandishi. Katikati ndiko aliko babu yako.

Tazama barua ya pili. Herufi ni kubwa, zimesimama moja moja, maneno yameungana ("nawasalimuwote"), na mwandiko unapanda juu kadiri mstari unavyokwenda. Imeandikwa kwa penseli ya kopi, ile ambayo ikiloa hugeuka zambarau. Ile alama ya zambarau kwenye kona ya chini, mliyodhani ni wino wa muhuri, ni maji. Kwa maoni yangu huo ni mkono wa babu mwenyewe. Jeshi lilikuwa na kikosi cha elimu chenye walimu Waafrika waliofuatana na askari, na wanaume wengi wa rika lake walijulia kusoma na kuandika Kiswahili humo, si shuleni. Hajawahi kuwaambia pengine kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mngeweza kulinganisha na sahihi yake yoyote ya baadaye: ya ushirika, ya kodi, ya hati ya shamba.

Nakuja kwenye mkasi. Kila barua ya askari ilisomwa kabla ya kuondoka. Ofisa wa kikosi alisoma zile alizozielewa, na kwa kuwa maofisa wa KAR walilazimika kujifunza Kiswahili, barua ya Kiswahili haikuwa na pa kujificha. Zilizoandikwa kwa lugha ambazo ofisa hakuzijua zilipelekwa kwa wakaguzi waliokuwa na wafasiri. Yaliyokatazwa ni majina ya mahali, majina ya meli na safari zake, idadi ya askari na silaha, na habari za waliouawa au kujeruhiwa kabla jeshi lenyewe halijatoa taarifa. Mkaguzi alifuta kwa wino au alikata, kisha akapiga muhuri wa PASSED BY CENSOR wenye namba yake, ambao kwenye bahasha yako unaonekana nusu.

Tundu liko baada ya "tulipanda meli", nami sina shaka lililotoka hapo ni jina la meli au la bandari. Angalia tarehe. Tarehe 12 Februari 1944, mwezi mmoja tu kabla ya barua hiyo, meli Khedive Ismail iliyotoka Kilindini kwenda Colombo ilipigwa torpedo mbili na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Ofisa aliyeshika mkasi mwezi wa tatu mwaka ule hakuwa na mchezo na neno "meli". Babu hakutaja siri yoyote, alikuwa anasimulia safari yake kama kijana yeyote aliyeiona bahari kwa mara ya kwanza.

Na ule mguu wa mama? Hapo Wazungu hawakukusudia kukata chochote. Karatasi imeandikwa pande zote mbili, na ukiigeuza utaona maneno ya mguu yalikuwa nyuma ya jina la meli. Mkasi haukuchagua. Hili nimeliona katika barua nyingine za wakati ule: familia inakaa miaka mingi ikijiuliza ni jambo gani zito lililofutwa, kumbe lililofutwa ni la upande wa pili, na neno la mtoto kwa mama yake lilikwenda nalo bila mtu kulisoma. Alichomwambia bibi mkubwa kuhusu mguu wake hatutakijua. Nadhani hiyo ni hasara kubwa kuliko jina la meli, ambalo kwa bidii linaweza kutafutwa.

Kuhusu salamu nina ugomvi kidogo na wanahistoria wenzangu, ambao wakikutana na barua za namna hii huandika pembeni "salamu tu" wakageuza ukurasa. Orodha ya majina ndiyo gazeti la nyumbani. Aliye kwenye orodha yu hai kwa kadiri mwandishi anavyojua. Jina jipya likiingia, kuna habari imefika. Katika barua ya kwanza babu anawasalimu watu tisa. Katika ya pili wamekuwa kumi: ameongezeka "mtoto wa dada". Kwa hiyo kati ya Machi 1944 na Januari 1945 alipata angalau barua moja kutoka Songea iliyomwambia dada yake amejifungua, na ilimfuata hadi huko alikokuwa. Barua hiyo hamnayo, lakini mmejua ilikuwepo.

Swali la ng'ombe na la fedha ni habari pia. Anapouliza kama fedha za mwezi wa nne na wa tano zimepokelewa bomani, anazungumzia sehemu ya mshahara ambayo askari aliagiza ilipwe kwa jamaa zake kupitia ofisi ya Bwana DC. Fedha hizo zilichelewa, zilipewa mtu asiyestahili, au zilifika pungufu, na mafaili ya wilaya ya miaka ile yamejaa malalamiko hayo. Askari aliye mbali hakuwa na namna ya kujua ila kwa kuuliza kwenye barua, akijua pia kwamba ofisa anayeikagua ataliona swali. Wengine waliliweka makusudi ili ofisa aliandikie boma. Sijui kama babu alikuwa mjanja hivyo, ila ameliweka mstari wa tatu, juu kabisa, kabla hata ya kumsalimu baba mkubwa, na kwa adabu za kwetu mtu haruki wakubwa bila sababu.

Barua yenyewe ilikuwa na safari ndefu. Kutoka mbele ilirudishwa nyuma hadi India, ikavuka bahari, ikaingia posta ya jeshi upande huu, ikakabidhiwa posta ya kiraia, ikapanda lori hadi boma la Songea. Tarishi au jumbe aliichukua kutoka hapo. Wiki nyingi, mara nyingine miezi. Mtu alijibu swali ambalo muulizaji alikwisha kulisahau, au alimwombea uzima aliyekwisha zikwa.

Hapo ndipo tunafika kwa mwenzake.

Divisheni ya 11 iliingia mji wa Tamu, mpakani mwa India na Burma, Agosti 1944 na kushuka bonde la Kabaw ikiwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma, masika yakiwa yamepamba moto. Barabara zikageuka matope hadi magari yakashindwa. Chakula, risasi na hata barua zilidondoshwa kwa ndege. Malaria na homa ya utitiri wa vichakani viliwalaza watu kwa wingi, na wazungumzaji wa Kiingereza waliliita bonde lile bonde la mauti. Walifika Kalewa mwanzoni mwa Desemba, likajengwa hapo daraja la chuma la kuelea juu ya mto Chindwin lenye urefu wa kama mita 350, halafu divisheni ikapumzishwa. Barua ya Januari 1945 iliandikwa na mtu aliyetoka humo wiki chache tu nyuma. Soma tena ule mstari wake, "huku mvua ilikuwa nyingi sana, sasa imekwisha". Ni mstari mmoja kwa mapigano yote yale, na mkaguzi aliupitisha.

Kama mwenzake alikufa bondeni, babu asingeweza kuandika. Kanuni ilikataza askari kutaja kifo cha mwenziwe kabla ya taarifa rasmi, ambayo ilipitia makao makuu, kisha boma, kisha jumbe, hadi kwa wazazi. Na hata kanuni isingekuwepo, ni nani wa kwetu angetuma msiba ndani ya barua ya salamu, usomwe na mtoto wa darasa la pili mbele ya watu, mama mwenye msiba akiwa amekaa hapo hapo akingoja kusikia kijana wake hajambo? Watu wa nyumbani nao walifanya vivyo hivyo: waliandika "baba hajambo kidogo" miezi baada ya matanga, wakangoja kijana arudi aambiwe ana kwa ana, na wazee wawili wamemshika mikono. Sheria ya jeshi na adabu ya nyumbani zilikutana hapo, na ndiyo maana mstari haupo. Lakini angalia neno la mwisho la barua ya pili, kabla ya jina lake: "Poleni wote." Katika ya kwanza alimalizia kwa "Wasalaam". Hakuna msiba wowote uliotajwa katika barua hiyo, wala ugonjwa, wala njaa. Pole ya nini?

Siwezi kuapa. Anaweza kuwa alisikia habari nyingine ya nyumbani. Ila ningekuwa mimi, ningeanzia hapo kutafuta.

Kwa hilo kuna njia, na ya kwanza haina gharama. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina daftari lake kwenye intaneti, mtu yeyote hulifungua. Tafuta kwa jina la mwenzake, ukichagua Vita vya Pili na kikosi cha King's African Rifles. Usiandike jina kwa tahajia moja tu. Karani aliandika alichosikia: r na l hubadilishana, h hupotea, jina la baba huchukuliwa kuwa la ukoo, na askari wengine wana jina moja tu na namba. Baadhi ya maingizo yana jina la baba, mke au wilaya, na ukiona Songea au Tanganyika umekaribia. Waliokufa Burma bila kaburi kujulikana wameandikwa kwenye mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan nje kidogo ya Yangon, wenye majina karibu 27,000. Wenye makaburi wanaweza kuwa hapo hapo au upande wa India, Imphal. Kumbuka pia kwamba aliyekosekana huko anaweza kuwa alirudi salama akaishia mjini au migodini na asirudi kijijini. Yalitokea, na familia nyingi zilipenda kuamini vita vimemla kuliko kuamini Johannesburg.

Njia ya pili ni Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Omba mafaili ya wilaya ya Songea na ya Jimbo la Kusini ya miaka 1942 hadi 1947, hasa yanayohusu askari, malipo ya jamaa na kurudi kwa askari. Ya tatu iko London, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, ambako zimehifadhiwa taarifa za wakaguzi wa barua. Ni kichekesho kichungu: barua zenyewe zililiwa na mchwa na kuloa chini ya mapaa yaliyovuja, lakini vipande ambavyo wakaguzi walivinakili ili kupima mioyo ya askari vimebaki, vimetafsiriwa kwa Kiingereza, bila majina. Ninyi mna kitu adimu, asili yake, na kwa Kiswahili.

Jambo hili halikuwa la jeshi tu. Raia waliotenganishwa na mipaka ya vita hiyo hiyo walikuwa na fomu ya Msalaba Mwekundu, iliyopitia Geneva, iliyoruhusu maneno 25 ya habari za kifamilia. Zilipita jumbe karibu milioni 24. Utaratibu haujafa: wakimbizi wa Kongo na Burundi walioko Nyarugusu, Kigoma, wamekuwa wakitumia ujumbe wa Msalaba Mwekundu kuwatafuta jamaa zao. Karatasi ni ya wazi bila bahasha, habari ni za familia peke yake, na siasa na vita havitakiwi. Aliyezoea kuandika hiyo angeielewa barua ya babu yako kwa macho mara moja.

Karatasi zenyewe zitunzeni hivi. Msizipeleke kutiwa plastiki ya moto, hata kama stationery ya mtaani itawashawishi, na msizibane kwa selotepu pale zilipokunjika. Zinyoosheni kwa mikono safi, mweke kila moja ndani ya karatasi nyeupe kavu, kisha ndani ya bahasha kubwa, mbali na jiko na mbali na ukuta unaopitisha unyevu. Sanduku la bati si baya ila lisikae chini sakafuni. Pigeni picha pande zote mbili mchana kivulini, bahasha zikiwemo, na tundu la mkasi lionekane pande zote mbili. Penseli ya kopi msiiguse kwa kitambaa chenye maji, itamwagika zambarau na kuzama moja kwa moja.

Kuhusu kwenda kwa jamaa wa yule mwenzake, ningesema nendeni, ila baada ya kuangalia daftari la makaburi, ili msifike na swali tupu. Mchukue nakala ya barua ya kwanza na mzee mmoja wa kwenu. Ule mstari, "mwambieni mama yake yuko nami, mzima", ulitumwa kwa nyumba ile, na hamna uhakika kama aliyeisoma mwaka ule aliufikisha. Wasomeeni kwanza huo, ndipo muulize kama boma liliwahi kuleta taarifa, na kama jumbe alikuja na karatasi yoyote. Wakiwa na karatasi hiyo, nakilini namba ya askari iliyoko juu, tarakimu zote na herufi zilizotangulia, mnitumie. Kwa namba hiyo kazi iliyobaki ni ya siku chache.